Mpisheni Mtoto Barazani



Andiko letu ni Zekaria sura ya 8, mstari wa 4 na wa 5. Lifungue mwenyewe nyumbani, ulisome taratibu. Nabii anasema na watu waliorudi kutoka utumwani Babeli, watu wenye mji uliobomoka, na Mungu anawaonyesha Yerusalemu utakavyokuwa siku atakapouponya. Hawaonyeshi dhahabu. Hawaonyeshi majeshi. Anawaonyesha wazee, wanaume kwa wanawake, wameketi njiani, mkongojo mkononi kwa wingi wa miaka. Na katika njia hizo hizo anawaonyesha wavulana na wasichana wanacheza.

Njia hizo hizo! Mungu alipouchora mji uliopona hakuwatenga wazee huku na watoto kule. Aliwaweka pamoja, mikongojo na michezo, mvi na vumbi la miguu midogo.

Sasa njoo mtaani kwetu, saa kumi na moja jioni. Chini ya mwembe bao limetandikwa. Wawili wanacheza, wengine wanangoja zamu, kete zinagonga ubao, mzee mmoja amekunja uso anapiga hesabu kwa macho kabla mkono haujagusa shimo. Mtoto wa miaka minane anasogea, ananyoosha shingo. Unasikia nini? "We mtoto, ondoka hapa! Nenda kasome!" Mtoto anaondoka. Anakwenda kujikunyata na daftari la hesabu, analikodolea macho kama anayeukodolea ukuta. Na hesabu yenyewe, iliyo hai, inayocheka na kugonga, inabaki huku nje kwa wakubwa.

Mimi nimeyatamka maneno hayo. Nilifundisha hesabu katika shule ya msingi zaidi ya miaka 30, na jioni nyingi mno nilimfukuza mwanangu wa kwanza barazani. Darasani nilishika chaki, na fimbo nayo. Sita mara saba? Ukichelewa, kiganja kinawaka. Mwanangu alifika kidato cha nne, Hisabati ikamwangusha. Miaka mingi baadaye, akiwa naye ni baba, aliniambia jambo ambalo halijanitoka moyoni: "Baba, ukiwa kwenye bao ulikuwa unacheka. Ukinifundisha mimi hukucheka hata siku moja."

Ndiyo maana ninaandika. Na ujumbe wangu ni huu: hesabu iko nyumbani kwako tayari, imo ndani ya michezo. Mpishe mtoto aingie. Na akishaingia, mwachie yeye ndiye ahesabu.

Yupo atakayeuliza: mambo ya kokoto na dado yanahusu nini na Neno la Mungu? Fungua Luka 15, ndugu yangu. Mchungaji ana kondoo 100, mmoja amepotea. Nakuuliza: alijuaje? Kondoo 99 zizini na kondoo 100 zizini, kwa jicho la juujuu, ni kundi lile lile, sufu ile ile, kelele zile zile. Alijua kwa sababu alihesabu. Yule mama naye alikuwa na sarafu kumi, akawasha taa kutafuta moja. Angetafuta nini kama angekuwa hajui kwamba zilizobaki ni tisa? Wapendwa, kuhesabu ni kazi ya anayejali. Asiyehesabu hapotezi usingizi kwa kilichopotea, maana hata hajui kwamba kimepotea.

Nenda Yohana 21. Wavu umevutwa ufukweni, Bwana amefufuka, amewasha moto wa makaa, na bado mtu ameketi mchangani akahesabu samaki mmoja mmoja, wakawa 153. Wanafunzi waliokuwa pale mashua ilipotoka walikuwa saba. Usiku wa leo waulize watoto wako mezani: kama wangegawana sawa, kila mmoja angepata samaki wangapi? Watoto watahangaika, watachora, watagombana, watafika: 21 kila mmoja, na sita wanabaki. Sita hao wampe nani? Hapo mtazungumza hesabu na upendo kwa pumzi moja. Kesho yake toa vizibo vya soda, mvipange: safu ya kwanza kimoja, ya pili viwili, ya tatu vitatu, mpaka safu ya 17. Vihesabuni. Ni 153. Mtakatifu Augustino aliliona hilo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na mtoto wako anaweza kuliona kwa vidole vyake sakafuni.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu tunajua tulipofika. Hapa Tanzania, mwaka baada ya mwaka, Hisabati ndilo somo linaloangusha watahiniwa wengi zaidi katika mtihani wa kidato cha nne. Wanaofeli ni wengi kuliko wanaofaulu. Tunalia, tunalaumu, tunauza mbuzi kulipia tuisheni. Na tuisheni ile ya bure, iliyo mlangoni petu kila jioni, tunawafukuza watoto wasiisogelee!

Neno la kwanza: mpishe.

Litazame bao kwa jicho la mwalimu. Mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kete 64. Katika bao la kujifunza kila shimo linapewa kete mbili, na mtoto anayelipanga bao hilo amekwisha kuzidisha: nane mara nne, jumla mara mbili, na jibu amelishika mkononi. Bao la wakubwa linaanza kwa hesabu nzito zaidi. Kila mchezaji anaweka kete sita ndani ya nyumba, shimo lake kuu, mbili na mbili katika mashimo mawili ya jirani, na anabaki na 22 mkononi. Muulize mtoto: zangu zote ni ngapi? Mwache ajumlishe. Kisha mnanamua, yaani mnaingiza za mkononi moja moja, mnakula, au mnatakata bila kula, mpaka za mkononi ziishe na kila mtu aingie mtaji, kucheza za ubaoni tu.

Na sasa inakuja hesabu tamu kuliko zote. Kila upande una mzunguko wa mashimo 16. Nimechukua kete saba kutoka shimo la 12, namwaga moja moja kwenda mbele. Ya mwisho itaangukia shimo gani? Kumi na mbili na saba ni 19. Lakini mashimo yangu ni 16, basi nimezunguka nimefika la tatu. Likiwa tupu, nimelala, zamu yangu imekwisha. Mtoto anayeweza kuliona hilo kabla mkono haujanyanyuka anafanya hesabu ile ile tunayoifanya tukisoma saa, tunaposema safari ya saa saba iliyoanza saa nane itafika saa tatu. Mabingwa wa Zanzibar wanaona mbali kuliko hapo, hata mtafiti Mholanzi, Alex de Voogt, akaandika tasnifu nzima juu ya akili zao mwaka 1995. Mwalimu Nyerere, aliyeshika chaki kabla hajashika nchi, alilipenda bao. Huna ubao? Chimba vishimo uani. Huna komwe za kuchezea? Okota kokoto. Mungu hakutunyima kokoto.

Mama, usidhani nasema na wanaume wa barazani peke yao. Binti yako anayecheza mdako nje ya jiko yuko darasani. Jiwe liko hewani, kokoto zinatoka kishimoni, anazirudisha akiacha moja; duru nyingine anaacha mbili mbili, nyingine tatu tatu. Kokoto 12 zikitoka mbili mbili, atarusha mara sita. Tatu tatu, mara nne. Tano tano? Mara mbili, na mbili zinabaki zinamtazama. Huko ndiko kugawanya kwenye baki, jambo ambalo nilikuwa nalifundisha ubaoni kwa jasho na machozi, na wasichana wangu walikuwa wanalifanya wakati wa mapumziko wakiimba! Sikuwahi kutoka nje kwenda kulitazama. Wewe toka. Keti naye chini, mpokezane jiwe.

Na nyumba yenye dhumna ina hazina. Kete 28. Kila namba imo kwenye kete saba. Basi mfundishe mtoto kuuliza kimoyomoyo kabla hajacheza: sita ziko saba, tano ziko mezani, moja ninayo mimi, iliyobaki iko kwa nani? Mtoto anayeuliza hivyo hategemei tena bahati. Amejifunza kufikiri juu ya asichokiona kwa kutumia anachokiona.

Neno la pili: mwachie ahesabu.

Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu. Tunamkaribisha mtoto mchezoni, kisha tunamhesabia. Dado imesimama, mtoto anafungua kinywa, na kabla hajasema tumeshasema: "Tano! Sogeza hapa!" Na mkono wetu umeshasogeza kete yake. Baba, umemnyang'anya mtoto chakula kinywani.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, walichapisha matokeo ya jambo dogo sana. Waliwachukua watoto wadogo wa familia za kipato cha chini, wakawachezesha mchezo wa ubao wenye miraba kumi iliyopangwa mstari mmoja. Kundi moja lilikuwa na miraba yenye tarakimu, 1 mpaka 10. Kundi lingine lilikuwa na miraba ya rangi tu. Walicheza mara nne ndani ya wiki mbili, dakika 15 hadi 20 kila mara. Watoto wa tarakimu wakapanda: kuhesabu, kuzitambua tarakimu, kujua ipi kubwa ipi ndogo. Wa rangi hawakupata faida hiyo. Na wiki tisa baadaye faida ilikuwa bado ipo. Jumlisha muda huo, mpendwa: hauzidi dakika 80. Mechi moja ya mpira ni dakika 90! Wangapi kati yetu hutazama mbili kila Jumamosi?

Lakini sikia siri ya mchezo ule. Mtoto aliyesimama kwenye 3 akapata mbili hakuruhusiwa kusema "moja, mbili". Alitakiwa kuitaja miraba anayoikanyaga: "nne, tano". Kinywa chake mwenyewe. Kidole chake mwenyewe. Basi chora miraba kumi chini kwa mkaa au kijiti, andika tarakimu, na mwache aseme. Akikosea usimkatize. Muulize kwa upole, "Ulikuwa umesimama wapi?" Atarudi, ataona. Kosa alilolisahihisha mwenyewe halirudi upesi. Lile ulilomkaripia linakaa naye miaka. Najua. Mimi nililipanda kwa mwanangu.

Neno la tatu: mfanye karani.

Mchezo peke yake haumalizi kazi, na sitaki kuwadanganya. Mwaka 2017 Moira Dillon, Elizabeth Spelke, Esther Duflo na wenzao walitoa taarifa ya kazi yao katika mji wa Delhi, India, kwa watoto zaidi ya 1,500 wa shule za awali. Watoto walicheza michezo ya idadi na maumbo kwa miezi kadhaa. Ule uwezo wa asili, wa kuona kwa jicho kundi lipi lina vitu vingi, ulikua, na mwaka mmoja baadaye ulikuwa bado umekua. Lakini walipofika darasa la kwanza, hesabu za shuleni, zile za tarakimu na alama, hazikuwa bora kuliko za wenzao. Daraja lilikuwa limekosekana kati ya kokoto na kalamu.

Daraja hilo lijenge nyumbani kwako kwa daftari moja. Kila mchezo uwe na karani, na karani awe mtoto. Aandike majina: Baba, Mama, Bibi, Mimi. Mrushe dado mbili kwa zamu, kila mtu ajumlishe alizopata, wa kwanza kufika 100 ameshinda. Bibi ana 63, amepata 9. Karani, Bibi sasa ana ngapi? Amebakiza ngapi? Nani anaongoza, na kwa tofauti ya ngapi? Mtoto anaandika, anakata, anaandika tena, na watu wazima watatu wanamngoja kwa heshima, maana bila yeye mchezo hauendi. Lini mara ya mwisho mtoto wako aliketi mahali ambapo watu wazima wanalisubiri jibu lake? Ukishampa kiti hicho, hutamwamsha kwa fimbo kwenda shule.

Na kama wewe hukusoma, mama, usijifiche. Mwambie, "Mwanangu, niandikie na zangu." Umempa cheo ambacho mtoto wa tajiri hanunuliwi.

Sasa najua pingamizi zenu. Nimezisikia mlangoni pa kanisa.

Mmoja anasema: dado na karata ni kamari, zisiingie nyumba ya Mkristo. Ndugu, naiheshimu dhamiri yako. Kama karata inakukwaza, iache. Kokoto na vizibo vinatosha kabisa. Lakini ibilisi hakai kwenye kipande cha karatasi. Anakaa kwenye tamaa ya kuchuma bila jasho, na leo ameshahamia kwenye simu ya kijana wako, anaitwa mkeka wa kubeti. Nani atamwokoa kijana huyo? Mtoto aliyerusha dado mbili mara mia na kuandika kila jibu ameona kwa macho yake kwamba saba huja mara nyingi na kumi na mbili huja kwa nadra. Siku moja mwelezane kwa nini: dado mbili zina namna 36 za kuanguka, saba ina namna sita, kumi na mbili ina moja tu. Kisha mwonyeshe mkeka wa mechi tano. Hata kama kila mechi angekuwa na nusu kwa nusu ya kupatia, kuzipatia zote tano ni nafasi 1 kati ya 32. Mpeleke kwenye bao: mashimo 32. Mfichie kete moja, mfunge macho, mwambie achague shimo. Mwache akose, akose, akose tena. Mahubiri yangu juu ya kubeti hayataingia moyoni mwake kama yatakavyoingia mashimo hayo.

Mwingine anasema: sina muda. Umeme unakatika usiku, mnafanya nini gizani? Ugali unasubiri maji yachemke, mnafanya nini? Dakika 15. Sikuombi zaidi ya hizo.

Mwingine, na huyu ananiumiza kuliko wote, anasema mbele ya mtoto: "Hata mimi hesabu zilinishinda. Ni ukoo wetu." Funga kinywa hicho, kwa jina la Yesu! Hakuna ukoo uliolaaniwa na hesabu. Mama huyo huyo sokoni anapiga faida ya fungu la nyanya, chenji ya elfu kumi, na deni la jirani, bila kalamu, huku amempakata mtoto. Baba huyo huyo anaona kete ya mwisho itakapoangukia. Hesabu haikukushinda, ilikushinda fimbo iliyokuja nayo. Usimrithishe mtoto hofu ambayo haikuwa yako tangu mwanzo.

Wapendwa, mwaka jana nilichimba vishimo 32 uani kwangu. Mjukuu wangu alinisaidia kuokota kokoto, akahesabu mpaka 64, akakosea kwenye 49, akarudi mwanzo bila mimi kusema neno. Tulicheza bao la kujifunza. Alinifunga mchezo wa tatu. Nilicheka mpaka machozi, na nilipoinua uso nilimwona mwanangu, baba yake, amesimama mlangoni anatutazama. Hakusema kitu. Alivuta kigoda, akaketi nasi, akauliza, "Zamu ya nani?"

Njia hizo hizo, alisema nabii. Wazee na watoto. Mungu anaiponya miji kwa namna hiyo, nyumba kwa nyumba, kiti kimoja kikisogezwa.

Basi ninakusihi, baba, ninakusihi, mama, ninakusihi wewe babu uliyelikalia bao tangu alasiri. Leo jioni mtoto atasogea na kunyoosha shingo. Usiseme "ondoka". Sogea kidogo kwenye benchi, mpigie nafasi kwa kiganja, mpe kete mkononi, na umwulize swali moja tu: "Unadhani itaangukia wapi?"

Kisha nyamaza, umwache ahesabu.

Amina.